Shahamu ya Dubu na Bunduki ya Kushindilia: Historia ya Kilainishi katika Misitu ya Mashariki ya Amerika Kaskazini, 1700–1860

IKISIRI

Insha hii inachunguza nafasi ya shahamu ya dubu mweusi iliyoyeyushwa katika matumizi ya bunduki za kushindilia zenye mifuo, katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, tangu mwanzo wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Historia nyingi za silaha hizo zimejishughulisha na mafundi, mitutu na mapigano, na kuyaacha mafuta kando kana kwamba ni habari ya jikoni tu. Hoja kuu ya insha ni kwamba bunduki yenye mifuo haikuwa chombo kamili bila mafuta, na kwamba mafuta hayo yaliibeba historia yao wenyewe: historia ya msitu, ya kazi ya wanawake, ya biashara ya mto na ya imani. Insha inaanza kwa kueleza tatizo la kiufundi lililohitaji kilainishi, kisha inaeleza sababu za shahamu ya dubu kufaa, namna ilivyotengenezwa na kuuzwa, ushahidi uliopo, na sababu za kutoweka kwake.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anamjua dubu kwa jina kuliko kwa macho. Mnyama huyu hapatikani katika mbuga wala misitu ya Afrika kusini mwa Sahara, na hata jina lake tumelipokea kutoka Kiarabu. Bunduki ya kushindilia, kwa upande mwingine, si ngeni kwetu. Lugha imeuhifadhi msamiati wake wote: gobori, gumegume, mdeki, fataki, shura, na kitenzi chenyewe cha kushindilia, ambacho kinaeleza kazi nzima kwa neno moja. Baruti hutiwa mdomoni mwa mtutu, risasi hufuata, na mdeki huzisukuma na kuzikaza hadi chini.

Hata hivyo, magobori mengi yaliyofika Afrika Mashariki katika karne ya 19 yalikuwa na mitutu laini ndani, isiyo na mifuo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliitia nguvu hali hiyo: ulizuia kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida. Mtutu laini haudai mengi. Risasi yake ni ndogo kuliko tundu, huteremka kwa urahisi, na kizibo cha nyuzi au kitambaa kinatosha kuishikilia. Ndiyo sababu suala la mafuta ya kulainishia halikupata uzito katika simulizi za magobori yetu kama lilivyopata mahali ambapo mtutu wenye mifuo ulikuwa chombo cha kila siku.

Mahali hapo ni misitu ya milima ya Appalachia na mabonde ya mito ya Ohio na Mississippi. Insha hii inauliza maswali matatu. Kwanza, ni hitaji gani la kiufundi lililoyafanya mafuta kuwa sehemu ya bunduki? Pili, kwa nini shahamu ya dubu, miongoni mwa mafuta yote yaliyokuwapo, ilipata sifa ya pekee? Tatu, kufuatilia mafuta haya kunatufunulia nini ambacho historia ya mitutu na vita haituonyeshi?

2.0 Mtutu wenye mifuo na tatizo la masizi

Bunduki ndefu ya Kimarekani ilitokana na bunduki fupi na nene za wawindaji wa nchi zenye kusema Kijerumani. Mafundi wahamiaji waliokaa Pennsylvania, hasa katika eneo la Lancaster, waliirefusha na kupunguza kipenyo cha tundu lake katika karne ya 18. Matokeo yake yalikuwa silaha iliyotumia risasi ndogo na baruti kidogo, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu aliyebeba risasi na baruti yake yote begani kwa miezi kadhaa. Hesabu rahisi inaonyesha faida hiyo. Risasi ya mviringo ya madini ya risasi yenye kipenyo cha milimita 12.4 ina uzito wa takribani gramu 11.3, kwa hiyo kilo moja ya madini hayo hutoa risasi zaidi ya 85.

Siri ya bunduki hii ilikuwa mifuo iliyokatwa ndani ya mtutu kwa mzunguko. Risasi iliyoishika mifuo hiyo ilitoka ikizunguka, na mzunguko uliifanya ifuate njia iliyonyooka. Mtutu laini ulikuwa hautegemeki kwa shabaha ndogo ng'ambo ya mita 100 hivi, ilhali bunduki yenye mifuo, mikononi mwa mlengaji hodari, iliweza kufika karibu mita 200. Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza. Ili ishike mifuo, risasi lazima ibane. Na risasi inayobana haisukumiki kwa urahisi kutoka mdomoni hadi chini ya mtutu wenye urefu wa zaidi ya mita moja.

Ufumbuzi ulikuwa kiraka. Mwindaji alichagua risasi iliyo ndogo kidogo kuliko tundu, akaiweka juu ya kipande cha kitani au cha ngozi laini ya paa kilichopakwa mafuta, kisha akavisukuma vyote pamoja. Kiraka kilijaza nafasi iliyobaki, kikaingia ndani ya mifuo, na kuupitisha mzunguko wa mtutu hadi kwenye risasi. Risasi ilipotoka mdomoni, kiraka kiliachana nayo na kuanguka chini.

Tatizo la pili lilitoka katika baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, kwa kawaida katika uwiano wa sehemu 75, 15 na 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi hewa bali hubaki kuwa yabisi: sehemu hutoka kama moshi mzito, na sehemu hugandamana ndani ya mtutu kama masizi yaliyochanganyika na chumvi za potasiamu. Masizi hayo yakikauka huwa magumu kama ganda la chungu. Yakipata unyevu wa hewa huuvuta, na chuma huanza kushika kutu kabla ya siku kupita.

Kwa mwindaji, hili halikuwa usumbufu tu. Risasi iliyokwama katikati ya mtutu kwa sababu ya masizi, ikiacha nafasi tupu kati yake na baruti, inaweza kuupasua mtutu inapofyatuliwa. Mdeki wa mti ulioshinikizwa kupita kiasi unaweza kuvunjika na kumchoma mkono mwenye kuushika. Na dubu aliyejeruhiwa kwa risasi ya kwanza hangojei mtutu usafishwe ndipo risasi ya pili ishindiliwe. Kiraka chenye mafuta kilikuwa, kwa maana hiyo, suala la uhai.

Mafuta yalifanya kazi tano kwa wakati mmoja. Yalipunguza msuguano wakati wa kushindilia. Yalisaidia kitambaa kuziba njia ya gesi. Yalikikinga kitambaa kisiungue kabla ya kutoka mdomoni. Yalilainisha masizi ya mlio uliotangulia, hata risasi mpya ikayasukuma chini badala ya kukwama juu yake. Na baada ya mtutu kuoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa, yaliufunika ukuta wake na kuuzuia kutu. Wapo walioloweka kiraka kwa mate pale walipotaka kufyatua papo hapo, kwa kuwa mate pia hulainisha masizi. Lakini mate hukauka, na maji yake huleta kutu; bunduki iliyobebwa ikiwa imeshindiliwa mchana kutwa ilihitaji mafuta.

3.0 Kwa nini dubu?

Misituni hakukuwa na uhaba wa mafuta. Palikuwa na shahamu ya paa, ya ng'ombe na ya nguruwe, pamoja na nta ya nyuki. Yote yalitumika, na si sahihi kudai kwamba shahamu ya dubu ndiyo pekee iliyolainisha bunduki za mpakani. Hata hivyo ilikuwa na tabia zilizoifanya ipendelewe mahali ilipopatikana, na tabia hizo zina maelezo ya kisayansi.

Paa na ng'ombe ni wanyama wanaocheua. Vijidudu vilivyomo katika matumbo yao huyabadili mafuta ya majani na mbegu kuwa mafuta yaliyoshiba, na kwa hiyo shahamu yao huganda na kuwa ngumu. Asubuhi ya baridi kali, shahamu ya paa ni kama mshumaa: haipenyi kitambaa na huongeza ugumu pale ulaini unapotakiwa. Dubu hacheui. Mafuta ya chakula chake huhifadhiwa mwilini bila kubadilika sana, na chakula chake cha vuli katika misitu ya mashariki kilikuwa karanga za miti: mialoni, michesnati, mihikori na mibichi. Karanga hizo zina wingi wa mafuta yasiyoshiba, yale yanayobaki kimiminika hata pasipo joto. Shahamu ya dubu iliyoyeyushwa, kwa hiyo, huwa laini sana. Ikitulia hujitenga sehemu mbili, mafuta maangavu juu na shahamu nyeupe chini.

Kwa mwenye bunduki, mgawanyiko huu ulikuwa neema. Mafuta maangavu yalipenya kitani upesi na kubaki laini katika baridi, na yalifaa pia kwa mtambo wa kufyatulia. Sehemu nyeupe, iliyo nzito zaidi, ilikaa vizuri kwenye kiraka wakati wa joto. Mnyama mmoja alitoa vilainishi viwili.

Wingi nao ulikuwa na uzito wake. Katika vuli dubu mweusi hula karibu mchana na usiku, akijiwekea akiba ya miezi ya kulala. Dume mkubwa anaweza kuzidi kilo 200, na sehemu kubwa ya uzito huo mwishoni mwa vuli ni shahamu. Paa, kwa kulinganisha, ni mnyama mkavu. Mwindaji aliyeua dubu mmoja mnene alipata mafuta ya kupikia, ya kuwashia taa, ya kulainishia ngozi, ya kujichua, na ya kupaka viraka vya mwaka mzima. Matumizi ya bunduki yalikuwa sehemu ndogo sana ya mafuta hayo kwa kipimo, lakini yalikuwa ndiyo sehemu iliyowezesha uwindaji unaofuata.

4.0 Kuyeyusha na kutunza

Kazi ya kuyeyusha ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda vyema. Shahamu ilitengwa na nyama, kwa kuwa nyama iliyosalia huoza na kuyaharibu mafuta. Ilikatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye chungu au sufuria ya chuma juu ya moto mdogo. Moto mkali uliyaunguza mafuta, yakawa meusi na yenye harufu. Moto mdogo uliyatoa taratibu, mpaka vipande vikabaki vikavu na vyenye rangi ya kahawia. Kisha mafuta yalichujwa kwa kitambaa na kumiminwa katika chombo.

Katika mataifa ya wenyeji wa kusini-mashariki, kama vile Wacherokee, Wamuskogi, Wachokto na Wachikasa, kutayarisha nyama, ngozi na mafuta kulikuwa hasa kazi ya wanawake, kama ilivyokuwa pia katika nyumba nyingi za walowezi. Jambo hili linastahili kusisitizwa. Bunduki imeandikwa katika historia kama chombo cha wanaume: fundi aliyeitengeneza, mwindaji aliyeibeba, askari aliyeifyatua. Lakini kiraka kilichoizunguka risasi kilikuwa kitani kilichofumwa nyumbani, au ngozi iliyolainishwa kwa mikono ya wanawake, kikiwa kimepakwa mafuta yaliyochujwa na mikono hiyo hiyo. Ubora wa shabaha ulianzia jikoni.

Chumvi ilihitaji uangalifu. Mafuta ya kupikia yangeweza kutiwa chumvi bila madhara, lakini chumvi ni adui wa chuma. Mafuta ya bunduki yalipaswa kuwa safi, yasiyo na chumvi wala maji. Kiasi nacho kilikuwa muhimu. Kiraka kilichotota mafuta kiliweza kuinyesha baruti chini yake, hasa bunduki ilipoachwa usiku ikiwa imeshindiliwa, na asubuhi gumegume likatoa cheche bila mlio kufuata. Aliyejifunza kazi hii alijua kukipaka kiraka na kukiminya hadi kikabaki chepesi mkononi.

5.0 Shahamu sokoni

Shahamu ya dubu haikubaki katika kaya. Katika koloni la Kifaransa la Louisiana ilikuwa bidhaa. Shahidi wetu bora ni Antoine-Simon Le Page du Pratz, aliyeishi katika koloni hilo kati ya mwaka 1718 na 1734, miaka kadhaa kati ya hiyo akiwa jirani wa Wanatchez, na ambaye historia yake ya Louisiana ilichapishwa Paris mwaka 1758. Anaeleza kwamba wenyeji waliyahifadhi mafuta ya dubu katika ngozi nzima ya paa iliyofungwa kama kiriba, na kwamba kiriba kimoja kiliweza kubadilishwa na Wafaransa kwa bunduki au kwa kipande cha nguo. Wafaransa nao waliyasafisha upya: waliyapasha moto pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayanyunyizia maji ya chumvi, wakayaacha yatulie kwa siku kadhaa. Mafuta ya juu yalitumika badala ya mafuta ya zeituni. Shahamu ya chini ilikwenda jikoni na kwenye dawa. Le Page mwenyewe anasema ilimponya maumivu ya bega.

Habari hiyo ya kiriba kwa bunduki inahitaji kusomwa kwa makini. Mwanzoni inaonekana kama biashara ya haki: mafuta kwa chuma. Lakini bunduki haikumaliza mahitaji, iliyafungua. Mwenye bunduki alihitaji baruti, risasi, mawe ya gumegume na fundi wa kuitengeneza, na vyote hivyo vilitoka kwa mfanyabiashara. Katika orodha yote ya mahitaji ya bunduki, mafuta yalikuwa miongoni mwa machache ambayo mwindaji wa msituni hakumtegemea mgeni kuyapata. Hata hivyo, ili apate vingine, alilazimika kuyauza hayo hayo mafuta na ngozi kwa wingi unaoongezeka. Kwa njia hiyo dubu alilipia bunduki iliyomuua.

Biashara hiyo iliendelea baada ya utawala wa Ufaransa kwisha. Wawindaji wa mabonde ya mito ya Arkansas, White na St. Francis waliteremsha mafuta, shahamu na nyama ya chumvi hadi New Orleans. Kituo cha Arkansas Post, kilichoanzishwa na Henri de Tonti mwaka 1686, kilikuwa njia panda ya bidhaa hizo. Katika jimbo la Arkansas, kando ya mto White, upo hadi leo mji mdogo uitwao Oil Trough, na mapokeo ya huko yanalihusisha jina hilo na mihori ya mbao ambamo wawindaji walihifadhi mafuta ya dubu kabla ya kuyasafirisha. Ng'ambo ya Atlantiki, shahamu ya dubu iliuzwa London kama mafuta ya nywele, mara nyingi ikighushiwa kwa shahamu ya nguruwe.

Idadi ya wanyama waliouawa ilikuwa kubwa. David Crockett, katika tawasifu yake ya mwaka 1834, alidai kuwaua dubu 105 katika muda usiofika mwaka mmoja. Hata tukipunguza majigambo ya mwanasiasa aliyekuwa akitafuta kura, dai hilo linaonyesha ni idadi gani ambayo wasomaji wake waliweza kuiamini.

6.0 Ushahidi wa vitu na wa maandishi

Kiraka ni kitu kinachopotea. Huungua kingo, huangukia majani na kuoza. Kwa hiyo mtafiti analazimika kuitafuta shahamu mahali pengine, na mahali pa kwanza ni kitako cha bunduki yenyewe. Bunduki ndefu nyingi zina kijaluba kilichochongwa upande wa kulia wa kitako. Vya awali vilikuwa na kifuniko cha mbao cha kuteleza. Baadaye vikawekewa vifuniko vya shaba nyeupe au nyekundu vyenye bawaba, mara nyingi vikipambwa kwa nakshi. Humo ndimo zilimotunzwa viraka vyenye mafuta na vifaa vidogo. Katika bunduki za watu wa milima ya kusini, ambazo hazikuwa na mapambo, mara nyingi kijaluba hakipo kabisa. Badala yake pana tundu la mviringo lililotobolewa katika mti na kujazwa shahamu. Mwindaji alichovya kidole, akapaka kiraka, akashindilia. Tundu hilo ni hati ya historia kama barua yoyote. Linathibitisha kwamba fundi aliyeacha kila pambo hakuthubutu kuyaacha mafuta.

Maandishi yanasema zaidi kuhusu tumbo kuliko mtutu. John Lawson, aliyeandika juu ya Carolina mwaka 1709, aliyasifu mafuta ya dubu kwa kutibu maumivu. Katika shajara za msafara wa Lewis na Clark imeandikwa kwamba tarehe 5 Mei 1805, kando ya mto Missouri, dubu mkubwa wa kahawia alichunwa, mafuta yake yakayeyushwa na kutiwa katika vipipa kwa matumizi ya baadaye. Waandishi hawa hawakuona haja ya kueleza kiraka kilipakwa nini, kama vile mpishi asivyoandika kwamba sufuria iliwekwa juu ya moto. Ukimya wao unatokana na mazoea. Kinachopatikana kwa kuyaunganisha maandishi na vitu ni picha iliyo thabiti: palikuwa na mafuta ya dubu kwa wingi, palikuwa na mahali maalumu pa mafuta katika bunduki, na palikuwa na sababu ya kiufundi ya kuvikutanisha viwili hivyo.

7.0 Mafuta na maana yake

Mafuta ya bunduki hayakuwa kitu kitupu kisicho na maana kwa watu walioyagusa. James Mooney, katika mkusanyiko wake wa simulizi za Wacherokee uliochapishwa mwaka 1900, alinukuu simulizi ya ukoo wa Ani-Tsaguhi, watu waliouacha ulimwengu wa binadamu wakaingia msituni na kuwa dubu. Kabla ya kuondoka waliwaahidi ndugu zao kwamba watakapopatwa na njaa wawaite, nao watakuja kuwapa nyama yao. Kwa mtazamo huo shahamu ya dubu ni zawadi ya jamaa, na aliyeichukua alikuwa na wajibu. Miongoni mwa Wamuskogi, Benjamin Hawkins, wakala wa serikali ya Marekani, aliandika mnamo 1798 na 1799 kwamba kila mji ulikuwa na eneo lake la dubu lililotunzwa. Lakini kadiri ng'ombe walivyoongezeka na dubu kupungua, maeneo hayo yaliwindwa na wote bila mpaka.

Mfano wa mbali unaonyesha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Katika miaka ya 1850 jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India lilianza kupokea bunduki mpya ya Enfield, nayo ya kushindilia na yenye mifuo. Karatasi ya risasi yake ilipakwa mafuta, na askari alitakiwa kuichana kwa meno. Zikaenea habari kwamba mafuta hayo yalitokana na ng'ombe na nguruwe, mmoja mtukufu kwa Wahindu na mwingine haramu kwa Waislamu. Tarehe 10 Mei 1857 askari wa Meerut waliasi, baada ya wenzao 85 waliozikataa risasi hizo kufungwa. Sababu za uasi ule zilikuwa nyingi, zikiwamo unyakuzi wa Awadh mwaka uliotangulia na malalamiko ya ardhi na mishahara. Lakini haikuwa ajali kwamba hasira ilijikusanya kwenye mafuta.

Tofauti kati ya Appalachia na Meerut haiko katika mtutu, kwa kuwa mifuo ilidai mafuta kotekote. Iko katika swali la nani aliyeyatengeneza. Mwindaji wa msituni alimjua mnyama aliyetoa shahamu yake, aliijua sufuria na aliujua mkono uliochuja. Askari wa Meerut alipewa mafuta yasiyo na jina na mamlaka asiyoyaamini. Historia ya teknolojia inayohesabu mitutu pekee haiwezi kuiona tofauti hiyo.

8.0 Kutoweka

Shahamu ya dubu haikushindwa na kilainishi bora. Ilipokonywa mazingira yake. Kwanza, misitu ilikatwa kwa ajili ya mashamba. Pili, walowezi waliwaachia nguruwe wao msituni, nao wakala karanga zile zile zilizomnenepesha dubu. Nguruwe akachukua nafasi ya dubu mara mbili: chini ya mwaloni na ndani ya sufuria. Tatu, silaha ilibadilika. Fataki zilienea baada ya miaka ya 1820 na kuliondoa gumegume. Risasi ndefu iliyobuniwa na Claude-Étienne Minié mwaka 1849 ilitanuka yenyewe ndani ya mtutu, na kiraka kikakosa kazi. Baada ya miaka ya 1860 bunduki za kupakiwa nyuma ziliufanya mdeki kuwa kumbukumbu. Nne, mwaka 1859 kisima cha Titusville kilianza kutoa petroli katika Pennsylvania ile ile ilikozaliwa bunduki ndefu, na mafuta ya madini yakaja kutawala vyuma vya kila aina.

Hata hivyo maarifa hayakufa yote. Chama cha kitaifa cha walengaji wa bunduki za kushindilia kilianzishwa Marekani mwaka 1933, na makao yake yako Friendship, Indiana. Wanaoendelea kufyatua baruti nyeusi wamejifunza tena kwamba mafuta mengi ya petroli, yakichanganyika na masizi yake, hutoa utandu mzito kama lami, ilhali mafuta ya wanyama na ya mimea huyaacha laini. Baadhi yao bado huyeyusha shahamu ya dubu pale sheria za uwindaji zinaporuhusu.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba bunduki ya kushindilia yenye mifuo ilikuwa chombo cha sehemu nyingi, na kwamba sehemu mojawapo ilitoka katika mwili wa mnyama. Hitaji la mafuta lilitokana na kubana kwa risasi na ugumu wa masizi. Shahamu ya dubu ilifaa kwa sababu mnyama huyo hacheui, hula karanga za mafuta, na hujiwekea akiba kubwa kabla ya majira ya baridi. Ilitengenezwa hasa na wanawake, ikauzwa mtoni, ikabadilishwa kwa bunduki, na ikafifia pamoja na msitu ulioizaa.

Kwa watafiti wanaoandika kwa Kiswahili, somo hili lina faida inayozidi mada yake. Magobori ya Afrika Mashariki nayo yalihitaji vitu vinavyopotea: vizibo, mafuta ya kuzuia kutu, mkaa wa baruti, mikono iliyoviandaa. Msamiati bado upo katika kamusi zetu na vinywani mwa wazee wa vijiji vya wawindaji. Ni wajibu wa watafiti kuuliza, mbali na bunduki ilitoka wapi na ilimpiga nani, ilipakwa nini, na nani aliyeyeyusha.